Namna ya Kusafiri Salama kwa Treni Isiyo na Dereva

Mtu anayepanda treni isiyo na dereva kwa mara ya kwanza, hasa zile treni fupi za reli nyepesi zinazopita juu ya nguzo katikati ya miji, huenda moja kwa moja mbele ya behewa la kwanza akitafuta chumba cha dereva, na mahali pake hukuta kioo kikubwa, kiti cha abiria na njia inayomjia kwa kasi. Nimewaona watu wazima wakisimama hapo kimya, mkono mmoja umeshika nguzo, wakijiuliza swali ambalo kila abiria ana haki ya kuliuliza: kama hakuna aliyekaa mbele, nani anaangalia?

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya swali hilo, kwa sababu jibu lake ndilo linalomwonyesha abiria afanye nini tangu anapofika jukwaani hadi anaposhuka. Dereva wa treni ya kawaida ana kazi nyingi kwa wakati mmoja: hutazama njia, hupima mwendo, hufunga breki, hufungua na kufunga milango, huwaangalia wanaochelewa kuingia, hutangaza kunapotokea tatizo, na mambo yakiharibika yeye ndiye wa kwanza kuwaongoza watu nje. Treni inayojiendesha haikuzifuta kazi hizo, imezigawa. Nyingi zimechukuliwa na kompyuta, nyingine zimehamia katika chumba cha udhibiti kilicho mbali na reli, nyingine wanazo wahudumu wanaozunguka stesheni, na chache, ambazo ni nzito kuliko watu wanavyodhani, ameachiwa abiria mwenyewe. Hizo chache ndizo ninazotaka kuzieleza kwa kirefu.

Tambua kwanza aina ya treni unayopanda

Wataalamu wa reli huzipanga treni katika ngazi tano za kujiendesha, kuanzia 0 hadi 4. Katika ngazi ya 2 kompyuta huiendesha na kuisimamisha treni, lakini dereva bado yuko mbele na ndiye anayetoa ruhusa ya kuondoka. Ngazi ya 3 haina dereva mbele, ila kuna mfanyakazi ndani ya treni. Ngazi ya 4 haimhitaji mfanyakazi yeyote ndani.

Reli nyepesi ya Docklands jijini London, iliyofunguliwa mwaka 1987, ni mfano mzuri wa ngazi ya 3. Mfanyakazi wake hupita katikati ya abiria akikagua tiketi, treni ikifika kituoni husimama penye mlango mmojawapo, huchungulia jukwaa, hufunga milango, kisha huiachia kompyuta iendelee. Na ikibidi, hufungua kisanduku kilicho mbele ya behewa na kuiendesha treni mwenyewe. Ngazi ya 4 nayo ina historia ndefu kuliko wengi wanavyofikiri. Treni za Port Liner za mji wa Kobe nchini Japani zilianza kubeba abiria Februari 1981, mji wa Lille nchini Ufaransa ukafuata mwaka 1983, Metromover ya Miami nchini Marekani mwaka 1986, na njia ya Bukit Panjang nchini Singapuri mwaka 1999. Abiria anayehofu kwamba anafanyiwa majaribio afahamu kwamba treni za namna hii zimekuwa zikibeba watu mijini kwa zaidi ya miaka 40.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Treni inaposimama, tazama kama kuna mtu mwenye sare anayeshughulika na mlango kabla haujafungwa. Akiwepo, huyo ndiye wa kumwendea ukiwa na shida yoyote. Asipokuwepo, mhudumu wako ni kile kitufe chenye alama ya simu au kipaza sauti kilichobandikwa karibu na mlango, na kazi yako ya kwanza ukiingia ndani ni kukitafuta kwa macho kabla hujatafuta kiti. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu behewa likijaa watu, kitufe ambacho hukukiona mapema hutakiona tena.

Usishangae pia kwamba treni hizi ni ndogo. Mabehewa ya kwanza ya Lille yana upana wa mita 2.06 tu, na njia nyingi za aina hii hutumia behewa moja au mawili kwa safari. Kwa kuwa hakuna dereva wa kupangiwa zamu, treni ya ziada huweza kuingizwa njiani kila watu wanapoongezeka, kwa hiyo mji hupitisha treni fupi nyingi zinazofuatana kwa karibu, kwa muda wa dakika moja au chache tu kati ya moja na nyingine saa za msongamano. Abiria aliyezoea treni kubwa zinazopita mara moja kila nusu saa hana budi kubadili mazoea: hakuna haja ya kukimbilia treni hii, maana inayofuata iko karibu kuliko unavyodhani.

Ukiwa jukwaani

Majukwaa ni ya aina mbili. Mengine yamezungushiwa ukuta wa kioo wenye milango inayofunguka treni inapokuwa imesimama sawasawa mbele yake. Lille ilikuwa na milango hiyo tangu siku ya kwanza. Mengine yako wazi, na usalama wake hutegemea vifaa vya kuhisi vinavyogundua kitu kikianguka njiani, kama ilivyo katika SkyTrain ya Vancouver nchini Kanada, ambako vifaa hivyo huzuia treni kuingia pale stesheni mpaka hali ithibitishwe.

Jukwaa lililo wazi ndilo linalodai uangalifu zaidi. Katika reli ya kawaida, mtu akianguka njiani watu hukimbilia ukingoni na kupunga mikono ili dereva awaone. Hapa hakuna macho mbele ya treni ya kuuona mkono wako. Kamera zipo, na mtu katika chumba cha udhibiti huenda akaona, lakini huyo mtu ana skrini nyingi mbele yake. Kinachoisimamisha treni kwa hakika ni kitufe au mpini wa dharura ulioko jukwaani, ambao kwa kawaida ni mwekundu na umewekwa ukutani au kwenye nguzo. Ubonyeze au uuvute kwanza, piga kelele baadaye. Wala usimrukie aliyeanguka kabla ya kufanya hivyo, maana wewe nawe utakuwa mtu wa pili ambaye kompyuta haikumtarajia njiani.

Simu ikikudondokea njiani, iache hapo. Wafanyakazi wana utaratibu na vifaa vya kuiokota umeme ukiwa umezimwa. Reli ya umeme katika mifumo hii hupita kando au katikati ya njia, karibu kabisa na mahali ambapo mtu angeweka mguu akishuka, na hubeba volti 600 katika njia ya Bukit Panjang na volti 750 katika njia za Lille, na pia za Sengkang na Punggol huko Singapuri. Hakuna simu inayostahili hatari hiyo.

Jambo lingine la jukwaani ni kujua treni inaelekea upande gani. Njia nyingi za treni hizi ni za mzunguko: treni hutoka stesheni kuu, hupita mtaa mzima na kurudi palepale. Bukit Panjang ina huduma mbili zinazozunguka kwa pande zinazopingana, ambazo hutofautishwa kwa herufi A na B. Sengkang na Punggol zina mizunguko ya mashariki na magharibi. Miami ina mizunguko yake mitatu. Soma herufi au jina lililo mbele ya treni na kwenye ubao wa jukwaani, kisha hesabu stesheni. Ukigundua umepanda upande usio wako, usishtuke wala usiukimbilie mlango unaofungwa, kwani kwenye mzunguko hata aliyekosea upande hufika, ila hufika baadaye.

Mlango

Mlango ndio mahali ambapo pengo la dereva linaonekana wazi zaidi, kwa hiyo inafaa kuelewa unavyofanya kazi. Treni ikisimama, kompyuta huhakikisha mambo mawili: kwamba magurudumu hayazunguki kabisa, na kwamba behewa limesimama mahali pake halisi. Yote mawili yakithibitika, mlango hufunguka, na hapo hapo sekunde zilizopangwa kwa stesheni hiyo huanza kuhesabiwa. Zikiisha, kengele hulia au taa humulika, na mlango huanza kufunga. Ukikutana na kitu kigumu, mota yake huhisi uzito usio wa kawaida, hufunguka kidogo, kisha hujaribu tena. Ukishindwa mara kadhaa hubaki wazi, na chumba cha udhibiti hupata taarifa. Treni haiwezi kuondoka mpaka kila mlango umetoa ishara kwamba umefungwa na kukazwa. Mlango mmoja ukikosa kutoa ishara hiyo, treni nzima hubaki palepale.

Kwa hiyo mtu anayemzuilia mwenzake mlango kwa mguu anafanya jambo kubwa kuliko analokusudia. Treni iliyo nyuma hairuhusiwi kusogea karibu zaidi ya umbali uliowekwa, ya nyuma yake pia vivyo hivyo, na katika njia ambayo treni hufuatana kwa dakika moja au mbili, mguu mmoja huweza kuwachelewesha watu walio stesheni nne au tano nyuma. Dereva angemkemea mtu huyo kwa kipaza sauti. Kompyuta hurudia tu kufunga.

Hatari yenyewe, hata hivyo, iko katika vitu vyembamba. Mlango huhisi mkono, mguu au begi, lakini mkanda wa begi, ncha ya mtandio, kamba ya kofia au ncha ya fimbo huweza kuwa chembamba kiasi cha kutoonekana kuwa kizuizi, mlango ukajiona umefungwa vizuri na treni ikaondoka. Ndiyo maana ninashauri begi la mgongoni livuliwe na kushikwa mbele kabla ya kuingia, mtandio mrefu ukusanywe mkononi, na mwenye fimbo aishike wima karibu na mwili. Kitu kikibanwa nawe uko nje, kiachie na usogee nyuma. Ukiwa ndani, bonyeza kitufe cha kuzungumza na chumba cha udhibiti mara moja.

Kwa watoto kuna utaratibu ambao wazazi wanapaswa kuupanga kabla ya siku ya safari. Niliwahi kumwona mama mmoja aliyemtanguliza mwanawe wa miaka sita hivi ili apate kukunja kigari cha mdogo wake. Mlango ukafunga katikati yao. Mama alipiga kioo kwa viganja vyote viwili, na treni ikaondoka, kwa kuwa milango yote ilikuwa imefungwa na kwa kompyuta hapakuwa na tatizo lolote. Kilichookoa hali ni abiria aliyekuwa ndani, ambaye alimshika mtoto mkono, akabonyeza kitufe, akaeleza kilichotokea kwa utulivu, kisha akashuka naye stesheni iliyofuata na kusubiri. Mfundishe mtoto maneno machache tu: tukitengana, shuka stesheni inayofuata, simama karibu na ukuta, usiondoke hapo, nakuja na treni ya nyuma. Mtu mzima naye apande treni inayofuata, asikimbie barabarani kuifuata. Na ikiwa una kigari cha mtoto, usikikunje jukwaani. Sakafu ya behewa na jukwaa huwa usawa mmoja, kwa hiyo kisukume ndani kikiwa wazi, ukiwa umemshika mkono mtoto anayetembea. Anayetumia kiti cha magurudumu achague mlango wenye alama yake sakafuni, kwa sababu mlango huo hukutana na nafasi iliyoachwa bila viti.

Ndani ya behewa

Shika kitu kabla mlango haujafungwa. Dereva mwema humtazama mzee kwenye kioo na kumsubiri akae. Kompyuta huondoka muda ukitimia. Zaidi ya hayo, nyingi ya treni hizi hutembea kwa matairi ya mpira juu ya zege, jambo linalozipa uwezo wa kupanda miinuko na kukata kona kali kati ya majengo kwa kelele chache. Uwezo huo ndio unaowayumbisha waliosimama. Viti navyo ni vichache, kwa sababu behewa limekusudiwa safari za dakika chache.

Usiegemee mlango. Ukisukumwa kwa nguvu, unaweza kupoteza ile ishara ya kukazwa, na treni inayopoteza ishara hiyo ikiwa mwendoni huchukulia kwamba mlango umefunguka, ikafunga breki kwa ghafla. Waliosimama ndio wanaoumia.

Kioo cha mbele ni furaha ya watoto na, niseme ukweli, ya watu wazima pia. Kitumie, ila usiweke mzigo wala usikae juu ya kisanduku chochote kilichofungwa kwa kufuli hapo mbele, kwa kuwa ndani yake mna vidhibiti ambavyo mfanyakazi atavihitaji haraka ikiwa treni itaendeshwa kwa mkono. Katika reli ya Docklands abiria wa kiti cha mbele huweza kuombwa apishe, naye hana budi kupisha bila ubishi.

Huko Bukit Panjang kuna jambo ambalo limewatia hofu wageni wengi: treni inapopita karibu na madirisha ya makazi ya watu, vioo vya behewa hubadilika ghafla vikawa vyeupe kama vilivyofunikwa na ukungu, na baada ya sekunde chache hurudi kuwa angavu. Huo si moshi wala hitilafu. Vimetengenezwa hivyo ili abiria wasichungulie ndani ya nyumba za watu.

Treni ikisimama kati ya stesheni

Hapa ndipo abiria huhitaji maarifa kuliko mahali pengine popote, na ndipo makosa hugharimu zaidi.

Anza kwa kuelewa kanuni iliyotumika kuzitengeneza treni hizi: zikipata shaka, husimama. Breki ya dharura haihitaji umeme ili ifunge. Hushikiliwa wazi kwa nguvu ya mfumo, na nguvu hiyo ikipotea, springi huifunga. Mawasiliano kati ya treni na vifaa vya njiani yakikatika, treni husimama. Kitu kikihisiwa njiani, husimama. Treni ya mbele ikichelewa, husimama. Kwa sababu hiyo kusimama katikati ya njia, juu ya nguzo, huku upepo ukivuma na mtaa ukionekana chini, mara nyingi ni dalili kwamba mfumo unafanya kile ulichoundwa kukifanya. Taa, hewa na kitufe cha mawasiliano huendelea kufanya kazi kwa betri hata umeme wa njia ukikatika.

Subiri dakika moja au mbili ukisikiliza tangazo. Kimya kikiendelea, mtu mmoja abonyeze kitufe kwa niaba ya wote. Kumi wakibonyeza kwa pamoja, mpokeaji atasikia makelele tu. Anayezungumza aseme mambo manne kwa mfuatano: namba ya behewa, ambayo imeandikwa juu ya mlango au karibu na kitufe, jina la stesheni mliyotoka na mnayoelekea, mnachokiona au kunusa, na kama kuna mgonjwa, mjamzito au mtu aliyeishiwa nguvu. Namba ya behewa ndiyo inayosahaulika mara nyingi, ilhali ndiyo inayomwezesha mwongozaji, yaani mtu wa chumba cha udhibiti, kufungua kamera ya behewa lenu na kuwaona. Akijibu, msikilize hadi mwisho, kisha uwarudie wenzako maneno yake kwa sauti, kwa lugha wanayoielewa. Katika behewa lisilo na mhudumu, sauti moja tulivu hufanya kazi ambayo angefanya dereva.

Usifungue mlango. Nimeshataja reli ya umeme. Ongeza hapo kwamba njia ya juu ya nguzo haina ukingo kila mahali, kwamba kati ya boriti za zege mna nafasi ambazo mtu huweza kutumbukia, na kwamba kwenye njia ya pili treni zinaweza kuwa bado zinapita bila macho ya kukuona. Kuna sababu nyingine ambayo watu hawaifikirii: mlango ukifunguliwa kwa mkono, chumba cha udhibiti hulazimika kukata umeme wa eneo zima na kusimamisha treni zote zilizomo, hata ile ambayo huenda ingekuja kuwasukuma. Mtu mmoja aliyekosa subira huweza kugeuza ucheleweshaji wa dakika 10 kuwa wa saa nzima, na kuwaacha wengine katika behewa lenye joto mbele na nyuma yenu.

Fahamu pia kwamba msaada huja kwa hatua. Kwanza mwongozaji hujaribu kuiwasha upya treni akiwa mbali. Ikishindikana, mfanyakazi hutumwa kuja kuiendesha kwa mkono hadi stesheni iliyo karibu. Ikishindikana tena, treni nyingine huja kuisukuma au kuivuta. Kuwashusha abiria watembee njiani ni hatua ya mwisho, na hufanywa umeme ukiwa umezimwa, chini ya uangalizi wa wafanyakazi. Wakati huo ukifika, acha mizigo mikubwa ndani, vaa viatu vyako, beba mtoto mgongoni au kifuani ili mikono ibaki huru, na tembea kwa mstari mmoja ukifuata aliye mbele.

Moto au moshi ndani ya behewa ni jambo tofauti, na hapo subira haihitajiki. Bonyeza kitufe papo hapo, sogea mbali na moshi, na pita behewa la pili kama kuna njia. Katika mifumo mingi treni iliyo mwendoni hupelekwa hadi stesheni inayofuata hata kama kuna dharura, kwa kuwa jukwaa lina nafasi, ngazi na wazimamoto wanaweza kulifikia. Kwa hiyo usidhani imepuuza kilio chenu ikiendelea kwenda. Mpini wa kufungua mlango kwa mkono umewekwa kwa hali ambayo treni imesimama na kubaki ndani ni hatari iliyo wazi kuliko kutoka. Maelezo yake yamebandikwa pembeni mwake. Yasome siku ambayo hakuna moshi.

Mwisho wa njia, na pale mashine inapokosea

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba treni hizi hazikosei. Jioni ya tarehe 1 Juni 2019, katika stesheni ya Shin-Sugita mjini Yokohama, treni ya Kanazawa Seaside Line iliyokuwa mwisho wa njia ilifunga milango ili igeuze safari. Kompyuta iliamuru mwelekeo ubadilishwe, na kwa upande wake amri ilikuwa imetekelezwa. Lakini waya mmoja uliokuwa ukipeleka habari hiyo kwenye mota ulikuwa umekatika, mota zikabaki na mwelekeo wa zamani, na treni ikarudi kinyumenyume kwa takriban mita 25 hadi ikagonga kizuizi cha mwisho wa njia. Watu wasiopungua 14 waliumia. Kwa muda baada ya hapo treni za njia hiyo ziliendeshwa na madereva. Miaka mingi kabla yake, Oktoba 1993, treni ya New Tram ya Osaka ilishindwa kusimama katika stesheni yake ya mwisho ya Suminoekoen ikagonga kizuizi, na zaidi ya watu 200 wakajeruhiwa.

Ajali zote mbili zilitokea mwisho wa njia, na hilo lina maana kwa abiria. Watu wengi huinuka treni inapokaribia stesheni ya mwisho, hujipanga mbele ya mlango bila kushika chochote, na akili zao zimeshafika nyumbani. Baki umekaa au umeshika nguzo mpaka mlango ufunguke kabisa. Vilevile, ukipanda stesheni ya mwisho ambako treni inageuza safari, kaa au shika kabla haijaanza kusogea, hata kama nafasi ni tele.

Kwa upande mwingine, tarehe 24 Mei 2021 jijini Kuala Lumpur, treni mbili za njia ya Kelana Jaya, ambayo kwa kawaida hujiendesha, ziligongana ndani ya handaki na kuwajeruhi zaidi ya watu 200. Moja ya treni hizo ilikuwa tupu na wakati huo ilikuwa ikiendeshwa na mtu kwa mkono. Ninaitaja kwa sababu ya abiria wanaodai kwamba wangetulia kama wangemwona mtu mbele: treni iliyotolewa katika ulinzi wa kompyuta hutegemea utaratibu mkali, na ndiyo maana treni inayoendeshwa kwa mkono kwa kawaida hutembezwa polepole sana. Ukiona mfanyakazi amefungua kile kisanduku cha mbele na treni inatambaa, usimsemeshe na usimharakishe. Mpe nafasi ya kuona njia.

Ukishashuka

Ukiwa umeona kasoro, kama mlango unaofunga kwa kukwama, kitufe kisichojibu au harufu ya kuungua, iripoti kwa mhudumu wa stesheni au kwa simu ya jukwaani kabla hujatoka nje, ukitaja namba ya behewa, saa na upande treni ilikoelekea. Hakuna dereva atakayeipeleka taarifa hiyo karakana mwisho wa zamu. Fanya hivyohivyo ukisahau mzigo: usiifuate treni, maana mzigo huzunguka nayo. Kwa namba ya behewa na saa, mwongozaji anaweza kuutazama kwa kamera, akamtuma mhudumu aungojee stesheni chache mbele, nawe ukaambiwa ukauchukulie wapi.